Lugha mbili za seva katika tovuti moja

Lugha ya skripti ya upande wa seva ni lugha ya programu ambayo maagizo yake hutekelezwa kwenye seva kabla ukurasa haujamfikia msomaji. Msomaji anapoandika neno katika kisanduku cha kutafutia na kubonyeza kitufe, kivinjari chake hutuma ombi. Seva hulipokea ombi hilo na kuiamsha programu iliyoandikwa kwa PHP, Perl, Python, Ruby au lugha nyingine ya aina hiyo. Programu husoma hifadhidata, hutunga ukurasa wa HTML, na ukurasa huo ndio unaorudishwa. Kivinjari hakioni hata mstari mmoja wa programu yenyewe. Kwa sababu hiyo, anayeuliza kama tovuti moja yaweza kuandikwa kwa lugha mbili za namna hii hujibiwa kwa urahisi: yaweza, kwa kuwa kivinjari hakijui wala hakijali ukurasa umetungwa kwa lugha gani. Kazi huanza pale lugha hizo mbili zinapolazimika kupeana habari: nani ameingia, neno gani limehifadhiwa, ni saa ngapi sasa.

Watafsiri hawana budi kuwa waangalifu na kitenzi wanachokiteua. *Kuchanganya lugha* ni istilahi yenye maana yake katika isimujamii: ni tabia ya msemaji kutia maneno ya lugha moja ndani ya sentensi ya lugha nyingine, kama afanyavyo mkazi wa Nairobi anayepitisha Kiingereza katikati ya Kiswahili. Kwa sura, jambo hilo hufanana na hili linaloelezwa hapa, lakini msikilizaji wa mazungumzo ni mtu mmoja mwenye lugha zote mbili kichwani, naye hashtuki. Seva haina kichwa cha namna hiyo. Kila lugha ya skripti ina kifasiri chake, yaani programu inayosoma maagizo na kuyatekeleza, na kifasiri cha PHP hakijui lolote kuhusu Python. Hivyo *kuunganisha* au *kuoanisha* hueleza ukweli wa jambo kuliko *kuchanganya*, isipokuwa katika hali moja adimu ambapo misimbo ya lugha mbili imo kweli ndani ya faili moja.

Faili moja, lugha mbili

Hali hiyo adimu ilipata kuwa ya kawaida katika ASP, mfumo uliotolewa na Microsoft mwishoni mwa mwaka 1996 pamoja na seva yake ya IIS. ASP haikuwa lugha. Ilikuwa ukumbi ambamo lugha mbalimbali ziliweza kutekelezwa. Lugha yake ya msingi ilikuwa VBScript, JScript ilikuja nayo, na kampuni ya ActiveState ilitoa PerlScript kwa waliopenda Perl. Mwandishi aliweza kutunga ukurasa kwa VBScript, kisha akatia kipande cha JScript ndani ya tagi yake chenye kitendakazi ambacho VBScript ilikiita kama chake.

Kilichowasumbua wengi ni mfuatano wa utekelezaji. Macho husoma ukurasa kutoka juu kwenda chini, lakini ASP haikuutekeleza hivyo. Vipande vya lugha isiyo ya msingi vilivyowekwa ndani ya tagi ya skripti vilitekelezwa kwanza, hata kama vilikuwa mwisho wa faili. Ndipo ikafuata lugha ya msingi iliyosukwa pamoja na HTML. Basi mwandishi aliyetaka kichwa cha ukurasa kichapishwe na VBScript na orodha ichapishwe na JScript aliona orodha juu na kichwa chini, na msimbo wake haukuwa na kosa lolote la sarufi. Dawa ilikuwa kuiachia lugha ya pili kazi ya kutunza vitendakazi tu, bila kuchapisha chochote yenyewe. Kanuni hiyo imebaki kuwa na manufaa hata baada ya ASP ya kale kuachwa: lugha moja iwe mwenye nyumba, nyingine iwe mgeni anayeitwa.

Jaribio ambalo wanafunzi hulifanya mara nyingi, na ambalo halifaulu, ni kuandika programu ya PHP inayochapisha tagi za ASP, au programu ya Perl inayochapisha msimbo wa PHP, kwa matumaini kwamba seva itayatekeleza matokeo hayo kwa mara ya pili. Kwa kawaida seva hulikabidhi ombi kwa kifasiri kimoja, na kinachotoka humo huhesabiwa kuwa jibu lililokamilika. Msimbo uliochapishwa husafiri hadi kwa msomaji kama maandishi matupu. Vivyo hivyo, programu ya Perl inayofungua faili la PHP na kulisoma hupata msimbo wa faili, wala haipati matokeo yake. Ikiwa matokeo ndiyo yanayotakiwa, ni lazima Perl iyaombe kwa njia ya HTTP kama kivinjari kiombavyo, au iamuru kifasiri cha PHP kilitekeleze faili hilo na kurudisha kilichochapishwa.

Seva moja, milango miwili

Tovuti nyingi zenye lugha mbili hazizichanganyi ndani ya faili. Hugawa kazi kwa anwani. Katika seva ya Apache, mgawanyo wa zamani ulifuata kiambishi cha jina la faili: jina linaloishia kwa .php lilipelekwa kwenye PHP, na linaloishia kwa .pl au .cgi lilipelekwa kwenye Perl. Siku hizi mgawanyo hufuata njia iliyo ndani ya anwani. Tuseme kamusi ya mtandaoni iliyoandikwa kwa PHP miaka mingi iliyopita inataka utafutaji mpya ulioandikwa kwa Python. Seva ya mbele, kwa mfano Nginx, hupokea maombi yote. Yale yanayoanza kwa /tafuta/ huyapeleka kwenye programu ya Python inayosubiri katika mlango wake wa ndani, na mengine yote huyapeleka kwa PHP. Msomaji huona tovuti moja. Kurasa za zamani hubaki zilivyo hadi zamu yao ifike, na anwani ambazo walimu wameziandika katika vitabu vya mazoezi haziharibiki.

Mpangilio huu una hatari mbili zinazostahili kutajwa waziwazi. Ya kwanza ni kubwa. PHP hutunzwa katika mafaili yaliyo ndani ya folda inayosomwa na seva, na kinachoyazuia yasionekane ni amri moja tu ya usanidi inayoiambia seva iyapeleke kwa kifasiri. Amri hiyo ikipotea wakati wa kuongeza lugha ya pili, seva huyatoa mafaili yale kama ilivyo, na mgeni yeyote anayefungua ukurasa hupakua msimbo wake, pamoja na nywila ya hifadhidata ikiwa imeandikwa humo. Ndiyo maana mafaili yenye nywila huwekwa nje ya folda ya wazi, na baada ya kila badiliko la usanidi hukaguliwa kwanza kama .php bado inatekelezwa.

Ya pili haina madhara makubwa ila huchosha. Seva ya mbele huzungumza na msomaji kwa HTTPS, lakini mara nyingi huzungumza na programu ya ndani kwa HTTP ya kawaida. Programu ya ndani, isipoarifiwa, hudhani kwamba msomaji amekuja bila usalama na humwelekeza aje kwa HTTPS. Msomaji anakuja kwa HTTPS, seva ya mbele inalipeleka ombi ndani kwa HTTP, programu inamwelekeza tena, na mzunguko huo hauishi mpaka kivinjari kichoke. Suluhisho ni kichwa cha ombi kiitwacho X-Forwarded-Proto, ambacho seva ya mbele hukiongeza na programu ya ndani huamriwa kukiamini, mradi tu kinatoka kwa seva hiyo na si kwa mtu wa nje.

Mfano wa Wikipedia

Tovuti inayoonyesha jambo hili kwa upana kuliko nyingine nyingi ni Wikipedia, ikiwamo Wikipedia ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2003. Programu inayoiendesha, MediaWiki, imeandikwa kwa PHP. Hata hivyo kurasa zake hutungwa pia kwa lugha ya pili ya seva, Lua, ambayo wahariri wenyewe huiandika.

Chanzo chake kilikuwa vigezo, yaani vipande vya maandishi vinavyorudiwa katika makala nyingi, kama vile sanduku la habari kuhusu nchi au mtu. Mwanzoni kigezo kilikuwa maandishi yenye nafasi za kujazwa. Wahariri wakataka masharti: ikiwa tarehe ya kufariki imetajwa, iandikwe hivi, la sivyo, vile. Masharti yakaongezwa. Kisha yakatiwa masharti ndani ya masharti, mabano ndani ya mabano, hadi lugha ya vigezo ikawa lugha ya programu ambayo hakuna aliyeikusudia iwe hivyo. Ilisomeka kwa shida na ilitekelezwa polepole.

Kuwaruhusu wahariri waandike PHP moja kwa moja hakukuwezekana. Mtu yeyote duniani anaweza kuhariri Wikipedia, na PHP inaweza kufuta mafaili, kusoma hifadhidata na kufungua mawasiliano na seva nyingine. Ilihitajika lugha ambayo tangu mwanzo iliundwa ili iishi ndani ya programu ya mwingine, ifanye iliyoruhusiwa tu. Lua ilifaa. Ilizaliwa mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Rio de Janeiro, Brazili, kwa mikono ya Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes, na jina lake ni neno la Kireno lenye maana ya mwezi. Kiunganishi kati yake na MediaWiki huitwa Scribunto, umbo la amri katika Kilatini ambalo Kiswahili hulitafsiri kwa neno moja bila kupungukiwa: *waandike*. Wikipedia zilianza kuitumia mwaka 2013.

Utaratibu wake ni mfano mzuri wa mwenye nyumba na mgeni. PHP huusoma ukurasa; ikikuta mahali ambapo moduli ya Lua inaitwa, huandaa chumba kilichofungwa, huipa Lua vigezo vilivyoandikwa na mhariri, hungoja, kisha hupokea mfuatano wa herufi na kuuweka mahali pake. Ndani ya chumba hicho Lua haina uwezo wa kusoma mafaili wala wa kutoka kwenda mtandaoni. Muda wake wa kukokotoa una kikomo, na moduli inayokivuka hukatizwa na kuandikiwa kosa kwa herufi nyekundu mahali pa matokeo.

Hata kwa mpangilio huo makini, lugha hizo mbili hazioni dunia kwa jicho moja. Katika PHP, sifuri na mfuatano mtupu wa herufi vyote huhesabiwa kuwa si kweli. Katika Lua, nil na false tu ndizo zisizo kweli. Sifuri ni kweli, na mfuatano mtupu ni kweli. Mhariri akiandika jina la kigezo na kuacha nafasi yake wazi, PHP huipa Lua mfuatano mtupu, na moduli iliyoandikwa na mtu aliyezoea PHP husema, naam, thamani ipo. Ukurasa ukaonyesha "Alifariki:" kisha hakuna kitu, juu ya mtu aliye hai. Makosa ya namna hiyo yamewasumbua waandishi wa moduli wa Wikipedia za lugha nyingi, na mengi kati yao yalitokana na chanzo hichohicho.

Wikipedia ina kisa cha pili, chenye mwelekeo wa kinyume. Kihariri kinachomwezesha mtu kuhariri makala bila kuona alama za wiki kilihitaji programu ya kugeuza maandishi ya wiki kuwa HTML na kuyarudisha bila kupoteza kitu. Programu hiyo, Parsoid, iliandikwa kwa JavaScript na kutekelezwa kwenye seva kwa Node.js, kando ya MediaWiki ya PHP. Ilifanya kazi yake kwa miaka kadhaa. Lakini kwa kila ukurasa ilibidi iiulize MediaWiki, kupitia mtandao wa ndani, vigezo hivi vinatoa nini na picha hii ina ukubwa gani, na tovuti ikawa na vichanganuzi viwili vya maandishi yaleyale, kimoja kwa kila lugha, ambavyo havikukubaliana daima. Mwaka 2019 Parsoid iliandikwa upya kwa PHP. Lua ilibaki. Tofauti ya hatima zao inaeleweka: Lua ilipewa kazi ambayo PHP haikuweza kukabidhiwa kwa usalama, ilhali Parsoid ya JavaScript ilifanya kazi ambayo PHP ilikuwa nayo tayari.

Kipindi na nywila

Msomaji anapoingia kwa jina na nywila, seva humfungulia kipindi: humpa kivinjari chake kidakuzi chenye namba ya siri, na upande wake huhifadhi habari zinazoambatana na namba hiyo. PHP kwa kawaida hukiita kidakuzi hicho PHPSESSID na huhifadhi habari katika faili. Django, mfumo wa Python, hukiita sessionid na huhifadhi habari katika jedwali la hifadhidata. ASP ya kale na ASP.NET, licha ya kufanana majina na kutoka kampuni moja, hazikuona vipindi vya mwenzake. Matokeo ni yale ambayo watumiaji huyalalamikia kwanza: mtu ameingia katika ukurasa mmoja, akibofya kiungo cha utafutaji anaambiwa aingie tena.

Kishawishi cha haraka ni kuifundisha Python isome mafaili ya vipindi vya PHP. Si kazi isiyowezekana, lakini muundo wa mafaili hayo ni lahaja ya PHP yenyewe, na huandika urefu wa kila mfuatano kwa baiti. Neno ng'ombe lililoandikwa kwa ritifaa iliyopinda huwekwa kama s:9, kwa kuwa ritifaa hiyo peke yake huchukua baiti tatu katika UTF-8. Python huhesabu herufi, si baiti. Ikiliandika neno hilo upya na kuweka s:7, PHP haitaweza kukisoma kipindi, na mtumiaji atatolewa nje bila maelezo. Njia iliyonyooka zaidi ni kuhifadhi vipindi mahali pa pamoja, kwa JSON, katika hifadhidata au Redis. Nyingine ni kutoa kitambulisho kifupi kilichotiwa saini kwa ufunguo wa siri unaojulikana na pande zote mbili. Upande mmoja huingiza watu na kutia saini, wa pili huikagua saini tu.

Jambo hili la kuachia upande mmoja lina uzito zaidi katika nywila. Nywila haihifadhiwi ilivyo. Huhifadhiwa alama yake isiyoweza kurudishwa nyuma. Kitendakazi password_hash cha PHP hutumia bcrypt na kutanguliza $2y$. Maktaba ya bcrypt ya Python hutanguliza $2b$. Django kwa chaguo lake la msingi hutumia njia nyingine kabisa, PBKDF2, na muundo wake wa kuandika. Kila tofauti ina ufumbuzi, ila kila ufumbuzi ni mahali papya pa kukosea katika sehemu ya tovuti isiyosamehe makosa. Lugha moja pekee ndiyo ikague nywila na kuzibadilisha.

Ritifaa ya ng'

Kiswahili huandikwa kwa herufi za Kilatini zisizo na alama za juu. Hili ni jema kwa wachapaji, lakini huwapumbaza waundaji wa tovuti, kwani makosa ya usimbaji wa herufi ambayo mtu wa Ufaransa angeyaona siku ya kwanza hujificha katika kurasa za Kiswahili kwa miezi. Hujitokeza mahali pamoja tu: ng'ombe, ng'ambo, ng'aa, na majina kama Ng'wanza.

Ritifaa hiyo huandikwa kwa alama zisizopungua tatu. Iko ile iliyonyooka ya kibodi, yenye baiti moja. Ile iliyopinda ambayo programu za kuandikia huiweka zenyewe, yenye baiti tatu. Na ile ambayo Unicode imeitenga iwe herufi badala ya kinukuu, yenye baiti mbili. Kitendakazi strlen cha PHP husema neno lenye ritifaa iliyopinda lina urefu wa 9, len ya Python husema 7, alama ya # ya Lua husema 9. Ukomo wa herufi 30 uliowekwa katika fomu ya PHP na ukomo uleule katika ya Python si ukomo mmoja. PHP ina mb_strlen, na Lua ya MediaWiki ina mw.ustring.len; hizo huhesabu herufi, na ndizo zitumike kwa maandishi ya binadamu.

Ikiwa upande mmoja umeunganishwa na hifadhidata kwa UTF-8 na wa pili kwa latin1 ya MySQL, ritifaa iliyopinda huonekana upande wa pili kama ng’ombe. Lililo baya zaidi ni kwamba upande huo ukihifadhi tena ulichokisoma, kosa huingia katika data yenyewe na halirekebishiki kwa kubadilisha usanidi. Katika kamusi, ambamo kidahizo ndicho ufunguo wa kila kitu, neno lililoharibika hivyo halitafutiki tena. Limo, lakini hakuna anayelipata.

PHP ya zamani ilikuwa na mtego wake. Kwa chaguo la msingi iliongeza mkwaju wa kinyume kabla ya kila kinukuu kilichotoka katika fomu, na tabia hiyo haikuondolewa mpaka toleo la 5.4 la mwaka 2012. Tovuti kadha zilihifadhi ng\'ombe katika hifadhidata bila mtu kujua, kwa sababu kurasa za PHP ziliuondoa mkwaju wakati wa kuonyesha. Siku lugha ya pili ilipoanza kusoma jedwali lilelile, mikwaju yote ilijitokeza. Lawama ilielekezwa kwa lugha mpya, isivyo haki.

Mtego wa leo unafanana nao. Kabla ya kuonyesha maandishi, kila lugha huzigeuza alama hatari kuwa alama salama za HTML: PHP tangu toleo la 8.1 hugeuza ritifaa iliyonyooka kuwa &#039;, Python huigeuza kuwa &#x27;. Zote ni sahihi kwa kivinjari. Kosa ni kuihifadhi iliyogeuzwa, kisha upande wa pili ukaigeuza tena na msomaji akasoma ng&#039;ombe. Hifadhidata itunze neno kama linavyoandikwa, na ugeuzaji ufanywe mara moja, na yule anayechapisha.

Saa nazo husumbua, japo kidogo. PHP iliyowekwa UTC na Python iliyowekwa majira ya Nairobi hupishana kwa saa tatu, hata "neno la siku" likabadilika saa sita usiku katika ukurasa mmoja na saa tisa usiku katika mwingine. Node.js huhesabu muda kwa milisekunde ilhali PHP huuhesabu kwa sekunde. Anayesahau kugawa kwa 1000 hupata tarehe za makumi ya maelfu ya miaka ijayo, kosa ambalo angalau huonekana mara moja. Na orodha tupu ya PHP hugeuzwa JSON kuwa [], hata pale ambapo orodha hiyo ikiwa na vitu ingeandikwa kwa {}; Python iliyotarajia aina ya data inayoitwa, kwa bahati ya kuchekesha, kamusi, hupokea orodha na kusimama.

Istilahi

*Seva* ni nomino ya ngeli ya I-/ZI-: seva imezimika, seva zimezimika. *Tovuti* ni mkusanyiko wa kurasa chini ya anwani moja. *Wavuti*, lenye asili ya wavu, hutumika kwa mtandao mzima wa kurasa duniani, na si vizuri kuyatumia maneno haya mawili kama visawe katika tafsiri ya kiufundi. *Skripti* ni bora kuliko *hati* kwa msimbo unaotekelezwa, kwa kuwa *hati ya seva* huweza kueleweka kuwa karatasi ya umiliki wake. Hata hivyo *skripti* hutumika pia kwa mchezo wa kuigiza na filamu, na muktadha ndio unaotofautisha. *Hifadhidata* na *kanzidata* hutumika kwa maana moja. Matini moja ichague moja. Ndivyo ilivyo kwa *nywila* na *nenosiri*. *Kidakuzi*, wingi *vidakuzi*, limekwisha kuzoeleka katika programu zilizotafsiriwa. *Kipindi* linatosha kwa muda wa mtumiaji kuwa ndani ya tovuti, ingawa mfasiri wa matini ya shule atalazimika kuhakikisha halisomwi kama kipindi cha somo. *Kigezo* lina maana mbili ambazo zimetumika katika makala hii yenyewe, yaani umbo la maandishi linalorudiwa na thamani inayopewa kitendakazi. Matini inayohitaji zote mbili kwa ukaribu hueleweka vyema ikiandika *kigezo* kwa ya kwanza na *thamani iliyopewa* kwa ya pili.